Mwaka wa Maneno Yasiyo na L

Kama juzi umeambiwa una ugonjwa wa sukari, na kama wewe pia ni mtu ambaye jina lake linafika mlangoni kabla ya miguu yake, nakuandikia wewe. Mambo ya damu utaelezwa na muganga wa hospitali. Mimi nitakueleza habari za benchi, maana nimekaa pale karibu mwaka mzima, na upumbavu nilioufanya pale ulikaribia kuniua kuliko sukari yenyewe.

Jina langu ni Vestine Nyiramahoro. Nina miaka arobaini na moja, watoto wanne, na shamba la maharage na muhogo kwenye kilima kinachoitwa Rugarama, upande wa Masisi unaotazama Walikale, huku Kongo ya mashariki. Babu yangu amezikwa hapo, na baba yake pia. Nyumbani tunaongea Kinyarwanda. Ukishuka kutoka kwetu saa tatu kwa miguu unafika hospitali, na pale wengi wanaongea Kihunde au Kinyanga. Sote tunakutana kwenye Kiswahili, na hapo ndipo siri yangu inapotoka, kwa sababu sisi wa lugha yetu tuna ugomvi na herufi l. Ikipita kwenye ulimi inageuka r. Kulala kwetu ni kurara, kula ni kura. Kwenye karatasi l yangu iko sawa kabisa, kama unavyoona. Shida iko mdomoni.

Ugonjwa ulianza wakati wa kuvuna maharage, mwezi wa kwanza. Ulianza na kiu. Nilikunywa maji kama ng'ombe na dakika kumi baadaye nilitaka tena, na choo nilikiendea mara nyingi hadi mume wangu, Faustin, akaniuliza kama nimefungua ofisi kule. Aliacha kutania siku pete ya ndoa iliponitoka kidoleni shambani. Tuliitafuta kati ya maganda ya maharage hadi jua likazama na hatukuiona. Aliushika mkono wangu akautazama kama wa mtu mwingine. Kesho yake tukashuka hospitali.

Pale mlangoni kuna santineli, mlinzi mwenye koti la mvua hata siku ya jua. Mbele yetu alikuwa mzee mmoja aliyetoka kilima cha jirani na chetu, mtu wa lugha yetu, aliyekuja kwa ajili ya kifua. Aliomba aonyeshwe pa kukaa, na r zake zilimwagika zote. Santineli alimwonyesha kwa kidevu. Kisha akawageukia watu wa benchi akasema, bila hata kushusha sauti, kwa Kiswahili chetu cha huku, ambamo ndio huwa njo, "Hawa njo wanatuletea vita, kisha wanakuya kutumalizia dawa."

Watu wawili walicheka. Wengine walitazama miguu yao. Mzee alikaa mwisho kabisa, na siku ile sikumwona akiitwa, ingawa sikukaa hadi mwisho na siwezi kuapa. Kwetu tulikuwa tumekwisha kusikia maneno mengi: kwamba watu wa lugha yetu huchomwa maji matupu, kwamba fishi zao, zile karatasi za matibabu, huwekwa chini ya nyingine. Sijui yapi kati ya hayo yalikuwa kweli. Lile la santineli nililisikia kwa masikio yangu, na lilitosha kunifanya niyaamini yote.

Kwenye meza alikaa muuguzi mnene mwenye miwani, ambaye kila mtu alimwita Mama Riziki. Alichukua fishi mpya, akainua kalamu yake ya bic.

"Jina?"

Nilikuwa na muda wa kupumua mara moja tu. "Mapendo," nikasema. Nililichagua kwa sababu ni jina la kila mtu, na halina l.

"Unatokea wapi?"

Wewe wa huku kwetu unajua swali hilo lina masikio mawili. Linaweza kuwa swali la kijiji, na linaweza kuwa swali la wewe ni mtu wa nani. Nikisema Rugarama, kilima chenyewe kinaongea Kinyarwanda. Nikakumbuka soko la Ntoto, ng'ambo ya pili ya hospitali, ambako niliwahi kuuza maharage kabla barabara haijaharibika. Nikasema, "Ntoto."

Faustin aliguna nyuma yangu. Nilimkanyaga mguu.

Ndivyo nilivyoanza kutibiwa. Walinitoboa kidole, wakatazama mashine, wakaitana. Nilibaki pale siku tisa, nikajifunza kujichoma sindano tumboni. Nilirudi nyumbani na chupa ya kwanza ya insulini, nikaizika kwenye nyungu yenye mchanga ulioloweshwa maji, kwa sababu hatuna frigo ya kuipoza. Kila wiki nne nilishuka kuchukua chupa nyingine. Tangu hapo nahesabu mwaka wangu kwa chupa.

Njiani kurudi, Faustin alitangulia mbele hadi tulipovuka mto. Ndipo akasimama.

"Umekana baba yangu na baba yako," akasema kwa lugha yetu.

"Nimekana kilima tu. Wewe ulitaka nikae mwisho pamoja na yule mzee?"

"Nilitaka ukae na jina lako."

Nilimwambia jina halichomwi tumboni. Nilikuwa na hasira naye kwa sababu alikuwa mzima, na mwenye afya anaweza kujivunia chochote anachotaka. Tuligombana hivyo miezi mitano, maneno yaleyale, hadi watoto wakawa wanatoka nje wakisikia tunaanza.

Sasa benchi. Utakaa pale kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo lizoee. Letu lina msumari mmoja uliotokeza, na wazoefu wanajua kuukwepa. Mwezi wa chupa ya pili nilikaa, nikasubiri. Mama Riziki akaita, "Mapendo!" Hakuna aliyesimama. Akaita tena. Nikajiuliza huyo Mapendo ni mzembe gani. Akaweka fishi chini ya nyingine, akaita mtu mwingine, na mimi nikakasirika kuona walionikuta wananipita. Nilikaa nikiunguza moyo: wamenijua, ndiyo maana wananiweka mwisho. Saa mbili nzima nilimchukia yule mama kwa kutoniita jina ambalo hakuwahi kuambiwa.

Aliyenitoa kwenye aibu hiyo alikuwa koko mmoja, bibi mzee aliyekuja kwa ajili ya tansio, presha ya damu, mwembamba, mwenye kikapu kisichotoka mapajani. Aliinama akanigusa goti kwa vidole viwili. "Mapendo, haiko wewe?"

Tangu siku hiyo alikaa karibu nami kila mwezi, na jina likiitwa ananigusa goti. Mara ya tatu ndipo nilipomuuliza anakotoka, kwa heshima tu, kwa maneno machache.

"Ntoto," akasema. "Nawe?"

"Ntoto," nikajibu.

"Ntoto wapi? Mutoto wa nani?"

"Kando," nikasema. "Kando ya soko."

Alinitazama muda mrefu kidogo. Kisha akafungua kikapu, akanipa karanga, akaanza kunisimulia habari za magoti yake. Nilishukuru Mungu kwamba wazee wanapenda kusimulia magoti.

Kuongea kwangu pale kulikuwa kazi ngumu. Nilipita kwenye Kiswahili kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe, nikitafuta maneno yasiyo na l. Sikusema Walikale, maana lina l mbili. Insulini niliiita "ile" na nikaona hata hiyo ina l, nikaanza kuiita sindano. Mama Riziki akiuliza, "Umekula?" nilijibu, "Bado," hata kama nimekula, kwa kuwa bado ni neno salama. Hivyo alikuwa anaandika mwezi baada ya mwezi kwamba sukari yangu iko juu kabla sijala kitu, na kila mwezi alikuwa ananiongezea dawa. Naomba usome sentensi hiyo mara ya pili. Sikufahamu nilichokuwa nafanya.

Na kulikuwa na swali moja nililolibeba tangu chupa ya kwanza. Mama Riziki alinionya nisijichome bila kula. Lakini kwetu kuna siku chakula hakipo hadi jioni, hasa wakati wa palizi, mahindi yakiwa machanga na muhogo wa mwaka jana umekwisha. Nifanye nini siku hizo? Nilijaribu kulipanga swali hilo kichwani. Chakula lina l. Kula lina l. Kulala na njaa, usiseme. Kila mwezi nililifikisha hadi kwenye meno nikalimeza. Niliogopa swali kuliko jibu.

Basi siku moja ya palizi nilijichoma asubuhi, nikaenda shambani na uji mwepesi tumboni. Jua lilipopanda, mikono ilianza kutetemeka, jasho likanitoka la baridi, na jembe likawa na ncha mbili. Sikumbuki kuanguka. Faustin anasema nilikuwa namtukana kwa maneno ambayo hakujua kwamba nayajua. Alivunja muwa uliokuwa kwenye mpaka wa shamba, akautafuna mwenyewe na kunitilia maji yake mdomoni kidogo kidogo, hadi nikamtambua. Tulikaa chini kwenye mistari ya maharage, wote wawili tumelowa.

"Ungeuliza," akasema.

"Wangenisikia."

Alilia, na sikumwona akilia hata alipomzika mama yake. Nilimwonea huruma na bado sikubadilisha fishi.

Kisha ukaja mwezi wa sita. Maharage ya pili yalikuwa yanakauka shambani. Risasi zikasikika upande wa barabara, na njia ya kwenda hospitali ikafungwa. Kilima chetu hakikuguswa, lakini hakuna aliyeshuka. Chupa yangu ya tano ilikuwa imebaki kiasi cha vidole viwili. Nilianza kujichoma nusu, halafu nusu ya nusu. Kila asubuhi nilikuwa natoa chupa kwenye mchanga nikiiinua juani kuona imebaki nini. Ilipokwisha nilihesabu siku. Siku ya pili kiu ilirudi. Siku ya nne sikuweza kushika bakuli. Siku ya sita nilikuwa natapika na kupumua kama mtu aliyekimbia, na mdomo wangu ulinuka matunda yaliyooza.

Faustin na ndugu zake watatu wakatengeneza kipoyi kwa miti miwili na blanketi, wakanibeba mabegani, barabara imefunguka au haijafunguka. Walipita njia ya msituni. Ninakumbuka majani yakinipiga usoni na sauti ya shemeji yangu akiomba. Ninakumbuka nikifikiri: wakifika wataniuliza natokea wapi.

Santineli alikuwa mlangoni na koti lake. Faustin anasema nilikuwa naomba maji, na sikuwa na nguvu tena ya kuchagua herufi wala lugha. "Amazi," nilisema. "Amazi, amazi."

Santineli akaweka mkono kwenye kipoyi. "Huyu haiko wa Ntoto. Mimi namujua sura, ni Mapendo wa Ntoto kwenye fishi. Anaongea nini sasa? Munatuletea nani?"

Mama Riziki akatoka na fishi mkononi. Nilimwona kama mtu aliye chini ya maji. "Mapendo?" akasema. "Ju ya nini yuko hivi? Dawa yake nilituma. Barabara ilipofungwa tuligawanya insulini yote ku vijiji, kila mugonjwa ya kwake, kwa pikipiki. Ya kwake ilikuwa ya kwanza. Iko Ntoto tangu wiki mbili."

Faustin alikuwa amebeba mti wa mbele begani. Akaushusha taratibu, akasimama wima, na mimi nikajua anataka kufanya nini. Nilitaka kumzuia, mkono ukakataa kuinuka.

"Haiko wa Ntoto," akasema. "Ni muke yangu. Anaitwa Nyiramahoro. Tunatoka Rugarama, na sisi tunaongea Kinyarwanda. Alidanganya kwa sababu aliwaogopa ninyi. Sasa mumurudishe ao mumutibu, lakini mumutibu kwa jina yake."

Nimeogopa mara nyingi katika maisha haya, hata mabomu nimeyasikia karibu. Sijawahi kuogopa kama muda ule mfupi ambao Mama Riziki alinitazama na kunyamaza. Sikuona chochote usoni mwake. Kisha akapiga kofi mkono wa santineli uliokuwa bado kwenye kipoyi.

"Toa mukono. Muingize. Kuya huku, mbio!"

Nilikaa siku kumi na mbili. Maji ya mshipa, sindano kila saa, kidole kilitobolewa hadi kikawa kama kichujio. Nguvu zilirudi kuanzia macho, zikaishia kwenye miguu. Mwili uliobaki ulikuwa wa kitoto, mbavu zinahesabika, nywele zinatoka kwenye kitana. Faustin alikuwa ananiosha miguu kila asubuhi, bila mizaha, na mimi nilimwomba radhi kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Siku ya tano Mama Riziki alivuta kiti akakaa karibu na kitanda. Alikuwa na fishi mpya, tupu.

"Mi nilikuuliza unatokea wapi ju ya dawa," akasema. "Nilitaka kujua pikipiki itapita njia gani. Tu ivo."

"Nirifikiri unaniuriza mimi ni mutu wa nani," nikasema. Sikuchagua tena.

Alivua miwani akaifuta kwa blauzi. "Sitakudanganya. Kaka yangu mukubwa aliuawa njia ya kule kwenu. Ile siku ya kwanza, kama ungesema Rugarama, dawa ningekupa. Naapa ningekupa. Lakini uso... uso njo sijui ningekupa gani."

Nilitaka kumkasirikia na nikashindwa, nilitaka kumshukuru na hilo pia likanishinda. Mwishowe nikamwambia pole ya kaka yake, na akaniambia pole ya kuogopa. Ndipo nikamuuliza swali langu la miezi mitano, lote, na r zake zote: siku ambayo hakuna chakura hadi jioni, nifanye nini?

Alishika kichwa. "Ulikuwa unajichoma bila kula? Na kila mara ukisema bado, ilikuwa bado ya kweli?"

Nikamweleza habari ya bado. Alicheka, kisha alianza kulia katikati ya kicheko, akageuza fishi na kuanza upya dozi yangu yote, akiuliza kila kitu: ninakula saa ngapi, kitu gani, msimu gani kinapungua. Ilichukua asubuhi nzima. Ningeweza kuipata asubuhi hiyo mwezi wa kwanza.

Sitaki udhani ninasema ubaguzi ulikuwa ndoto yangu. Santineli bado yuko mlangoni, na bado ananionyesha pa kukaa kwa kidevu. Yule mzee wa kifua sikumwona tena. Nimeuliza kilimani kwake, wanasema alikufa kabla ya msimu wa kupanda. Huwa namfikiria. Ninachokuambia ni kidogo tu: mlinzi akikutukana, tusi ni lake. Lakini ukimficha mtu anayekutibu kijiji chako, chakula chako na siku zako za njaa, hapo wewe mwenyewe unamalizia kazi ya mlinzi.

Chupa za mwezi wa saba na wa nane alinichukulia Faustin; mimi nilirudi kwenye benchi mvua za mwezi wa tisa zilipoanza, siku za kupanda. Koko wa Ntoto alikuwa mahali pake, mbali na msumari. Nilikaa kando yake nikiwa nimejiandaa tangu nyumbani.

"Koko, nikuombe radhi. Mimi siitwi Mapendo. Na sitoki Ntoto."

Alifungua kikapu. Chini ya karanga kulikuwa na kitambaa kibichi, na ndani ya kitambaa chupa ndogo ya insulini ambayo haijafunguliwa. Kwenye karatasi yake kulikuwa kumeandikwa Mapendo, kwa bic ya Mama Riziki.

"Hii ilikungojea kwetu," akasema. "Nilisema ku poste ya dawa banipe, niitunze. Niliweka mu nyungu na mchanga. Barabara ilinizuia kukuletea. Sijui kama iko bado muzuri."

"Koko, urijua?"

"Ntoto ni fasi kidogo, batu bote tunajuana, mwanangu. Kando ya soko njo kwangu."

"Na hukusema?"

"Niliona unaogopa. Ningefanya nini, nikuvue nguo mbele ya batu?"

Nilishika chupa ile mikononi. Ilikuwa baridi. Sikuwa na neno lolote, lenye l wala lisilo na l.

Mama Riziki akatokea na fishi. Akasoma kwa sauti ile anayoitumia kwa wote, inayofika hadi barabarani. "Nyiramahoro Vestine! Rugarama!"

Benchi zima liligeuka. Mtu mmoja aliyekuwa upande wangu wa kushoto alijisogeza mbali nami. Mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake. Mkono wa Koko ulianza kutoka kwenye kikapu kuja kwenye goti langu, kwa mazoea, lakini haukunikuta. Nilikuwa nimekwisha kusimama.

Nilitembea hadi kwenye meza. Alinitoboa kidole, akainua bic.

"Umekula?"

"Nimekura, mama," nikasema, kwa sauti ya kufika barabarani. "Nimekura bugari na maharage, saa moja ya asubuhi."

Akaandika yote.